Wino Mwekundu, Aya ya Nne

Insha imerudi leo, kurasa tisa,
imekunjwa mara mbili kama kanga ya akiba.
Kumi na nne juu ya ishirini na tano.
Nimeisoma nimesimama, baiskeli imeniegemea kiunoni,
Barabara ya Kumi na Tano, mbele ya fundi,
naye ananiuliza: "Tuzibe pancha au umekuja kusoma barua?"

Mwalimu Nyamvula Shemboza hana haraka ya kusifu.
Pale nilipofungua kwa mbwembwe,
"Tangu zama za kale mapenzi hayajui wakati,"
amepiga mstari, kauliza pembeni:
"Nani kakwambia? Umewahi kumngoja mtu?"

Ukurasa wa pili kazungushia "milele".
Wa tatu, "milele" tena, na tena,
mpaka karatasi ikawa na madoa kama mgonjwa wa surua.
"Neno hili umelitumia mara kumi na moja.
Mshairi wako hakulitumia hata mara moja.
Yeye alihesabu siku. Hesabu nawe:
leo, kesho, keshokutwa, mtondo, mtondogoo.
Lugha iliyozipa majina siku zote hizo
ilitungwa na watu waliokaa kizingitini."

Kisha sarufi. Hapo ndipo aliponichoma.
Niliandika "alimpenda".
Kaifuta -li-, kaweka -me-.
"-li- ni mlango uliokwisha fungwa. Soma ubeti vizuri:
amempenda. Bado yumo ndani, taa inawaka."

Nikabisha kimoyomoyo. Herufi mbili tu, mwalimu,
herufi mbili zitabeba nini?
Halafu nikamsikia mama, kila mgeni anapouliza habari za baba:
"Amekwenda Mombasa."
Hajasema hata siku moja "alikwenda".
Mwaka wa kumi na nane huu.

Aya ya nne niliikata mwenyewe,
kwa kalamu nyeusi, kwa kukandamiza,
kwa sababu haikutoka kitabuni.
Ilikuwa mishororo miwili ya mama,
nyuma ya kadi yangu ya kliniki,
juu ya muhuri wa Bombo, karibu na "kilo saba".
Niliona haya kuiweka pamoja na washairi wenye majina.

Mwalimu aliinua karatasi kwenye mwanga. Najua,
kwa sababu chini ya kila silabi niliyoizika
kuna nukta nyekundu, nane kwa nane, nane kwa nane:

Saa nimeitazama, mishale imenikana,
Ulisema waja jana, na leo bado ni jana.

"Mizani imetimia. Kina cha kati kimeteleza,
kiache kiteleze, aliyeandika hivi hakuwa amelala.
Ni nani? Kwa nini umemfuta?
Insha yako inaanzia hapa.
Tupa kurasa tatu za mwanzo. Lete Jumatatu."

Nyuma ya ukurasa wa tisa kuna penseli.
Mwandiko uleule, lakini umesuguliwa kwa ufutio
hadi karatasi imeota manyoya.
Nami nikaiinua kwenye jua la saa kumi.
Yamebaki maneno mawili, "mtondogoo, alisema",
na nusu ya tarehe.
Mwalimu ambaye huingia darasani
dakika tano kabla ya kengele.
Nikaikunja. Sikuwa nimeandikiwa mimi.

"Tayari," fundi akasema, "mia tano. Na breki zako zimekufa."

Nyumbani mama alikuwa anachekecha unga.
"Umepata ngapi?"
"Kumi na nne."
"Kwa ngapi?"
"Ishirini na tano."
"Hizo kumi na moja zimekwenda wapi?"

Nilitaka kumwambia zimekwenda wapi.
Badala yake nikamwomba ile kadi ya kliniki.
Chekecheke ikasimama. Unga ukaendelea kushuka kidogo,
wenyewe, kama uliokuwa haujaambiwa.

"Ipo," akasema.
Akanitazama viganja, vyeusi kwa grisi ya mnyororo.
"Nawa mikono kwanza."