Salio la Nyuma

Saa saba na robo usiku, Shimanzi.
Chumba cha seva kina baridi ya friza;
nimevaa sweta, Mombasa, mwezi wa Februari,
na Mwachiro mlinzi akichungulia hucheka:
"Dada Swabra, leo umeshukia Limuru?"

Mashine tatu nilizirithi zikiitwa kwa namba.
Nikazipa majina ya njia za kutokea kisiwani:
Makupa, ndiye abebaye ankara za maji za mji mzima;
Nyali, amfuataye neno kwa neno, sekunde mbili nyuma;
Likoni, wa majaribio, aliyenunuliwa baada ya Machi.

Machi. Ofisini hatuitaji; twasema "ile siku".
Sasisho la kumi na moja lilifika Alhamisi,
nikalipokea kama mgeni aliyebisha hodi kwa adabu,
nikalitia kwa Makupa moja kwa moja.
Halikuvunja kitu. Lilinyoosha hesabu ya senti,
na hesabu zetu zilikuwa zimesimama juu ya kosa lile
kama mlango uliozoea kupinda pamoja na fremu yake.
Bi. Mwanakombo wa Majengo
akadaiwa elfu sitini na mbili.
Alikuja na ankara ameifunga pembeni mwa leso,
akaniuliza bila kupandisha sauti:
"Mwanangu, haya maji niliyanywa, au niliwauzia meli?"

Tangu hapo nikaogopa.
Bwana Kazungu wa fedha akaniongezea hofu kwa upole:
"Si inatembea? Iwache itembee."
Likaja la kumi na mbili, sikulifungua.
La kumi na tatu, nikasema baada ya Ramadhani.
La kumi na nne lilikuwa na onyo jekundu:
kuna tundu, na watu washaanza kulijua.
La kumi na tano, la kumi na sita,
nilikuwa na sababu. Sizikumbuki.

Na masasisho haya hayachaguliwi kama nyanya Kongowea;
huwezi kusema nitilie lile la tundu, lile la hesabu liache.
La kumi na saba limewabeba wenziwe wote tumboni,
la kwanza hadi la jana.
Utameza lote, au utabaki na tundu lako.
Sura hii naijua:
ni ule mstari ninaowachapia watu kila mwezi,
chini ya namba ya mita, juu ya jumla,
salio la nyuma.
Leo ankara imekuja kwangu.

Basi wiki nzima nimemtesa Likoni.
Jaribio la kwanza, kila siku, akaunti ya Bi. Mwanakombo.
Nakala rudufu nimeichukua, nikairejesha kwingine nione inafufuka,
maana nakala isiyojaribiwa ni dua ya mvivu.
Usiku huu, Nyali kwanza. Kazima, kawaka, kasalimia.
Nikampa mzigo wa Makupa aushike,
kisha nikamgeukia Makupa mwenyewe.

Asilimia sitini na nne.
Dakika moja. Nne. Tisa.
Sitini na nne.
Mwachiro kaleta kahawa, kaiweka, katoka kwa ncha za vidole
kama mtu atokaye chumba cha mgonjwa.
Nikahesabu vigae vya dari. Nikakosea. Nikaanza upya.
Sitini na tano.

Saa kumi kasorobo namuuliza Makupa swali moja tu:
Mwanakombo, Majengo, anadaiwa nini?
Mia tatu na themanini.
Salio la nyuma, sufuri.

Naandika shajarani: la kumi na saba, limetiwa, Swabra.
Chini yake naacha mstari mtupu;
la kumi na nane latoka Jumanne ijayo.

Nyumbani Tudor, alfajiri, nafungua mfereji ninawe uso.
Upepo.