Daftari la Dobi

Magazeti yao siyasomi.
Shati nalisoma.
Mimi Soazig, dobi wa kichochoro cha nyuma ya stesheni, Monparnasi:
kila shati mstari mmoja daftarini,
kila deni msalaba.

Kwanza ulikuja wekundu usiotoka,
kijani kwenye kola, chungwa hadi makwapani.
Ati ni wanyama, gazeti lilisema.
Wanyama gani? Feliu, yule Mkatalani,
aliogopa hata paka wangu, akilipa kwa vitunguu.
“Mama, mti nimeupaka mwekundu
kwa sababu niliamka na furaha.”
Nikatia majivu, nikatia limau, nikatia siki.
Furaha haitoki upesi.

Kisha rangi zikafa.
Viwiko vyote vikawa udongo na moshi.
Witalis, Mpolandi, akanichora nikipiga pasi:
mkono huku, pua kule,
sikio limeketi mahali pa bega.
Nikamwambia, mwanangu, mimi nakunja nguo tangu utotoni,
najua kitu kikikunjwa
huonyesha mbele na mgongo kwa pamoja.
Hilo ndilo jipya lenu?
Alicheka hadi akakohoa.
Alikuwa akikohoa sana.

Wakapita Waitalia wa mwendo kasi, makoti yamenyooka,
wakisifu mota, wakisifu mizinga,
ati vita vitaitakatisha dunia.
Sikujibu. Walikuwa wateja.
Damu huoshwa kwa maji baridi, si ya moto,
na hata ikitoka
huacha kivuli chake kitambaani.

Agosti, kengele.
Feliu akarudi kwao Girona.
Kamba yangu ikajaa mashati yasiyo na wenyewe.
La Witalis nimelipiga pasi mara nne,
nikidhani atapita.

Waliofuata walikuwa vijana wenye hasira ya kuchekesha.
Mifukoni mwao: tiketi za tramu zilizokatwakatwa,
vifungo, herufi zisizounda neno.
Nikazifua kwa bahati mbaya.
Anselme akanibusu mkono: “Sasa zimekamilika!”
Wiki ile ile kitambaa changu cha kupigia pasi kikatoweka,
chenye alama za moto za miaka kumi na minne.

Nikakikuta ukumbini,
ndani ya fremu ya dhahabu,
mabibi wenye manyoya shingoni wamenyamaza mbele yake
kama wako kanisani.
Kiingilio faranga moja. Nililipa.

Waliinamisha vichwa, wakitafuta maana ya pembetatu nyeusi.
Pale palipoungua hadi kutoboka
ni siku ile barua ya mama yake Witalis ilipofika,
jirani akanisomea mlangoni,
na pasi nikaisahau.

Anselme akaja, champeni mkononi.
“Mama Soazig! Unakionaje?”
Nikafungua daftari.
Mashati kumi na sita, nikasema. Soksi jozi tisa.
Na hicho kitambaa kigeuze,
umekitundika kichwa chini.