Hesabu Mbili

Kilimani Pugu, ndani ya kontena lenye kutu,
kuna sanduku lisilo na maoni.
Linasikia kwa sikio la chini,
linasema kwa kinywa cha juu,
na halijawahi kumuuliza mtu: wewe wa nani?
Tunaliita ripita. Babu yangu wa Posta
angeliita simu ya upepo, akaenda zake.

Kibwana Pazi, fundi friji wa Tabata Kimanga,
kabla hajanishikisha mtambo alinifunza jambo moja.
"Mwenzako akimaliza, usidakie.
Moja. Mbili. Ndipo ubonyeze.
Huo mwanya si wako. Ni wa mwenye shida."

Nilicheka. Mimi mtoto wa Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu;
kwetu ukinyamaza kwa hesabu mbili
bei imeshapanda,
zamu yako imeshaliwa,
na kaka yako ameshauona mnofu uliobaki.

Ikaja masika ile, Jangwani ikafungwa mara tatu kwa wiki.
Umeme ulikwenda, minara ya simu ikaufuata,
mmoja mmoja, kama wageni wanaoaga bila kuaga.
Hewani tulibaki wanne:
mimi,
Zulekha wa Kigamboni, ramani yake ukutani,
Pazi, anayekohoa kabla ya kila neno,
na Mwaipopo wa Mbezi, ambaye hajui neno fupi.

Mwaipopo alikuwa anasimulia
maji yalivyoingia bandani, kuku walivyopanda juu ya jiko,
jogoo alivyogoma.
Akaachia kitufe. Ripita ikaburuta mkia wake,
ile *shhh* ya kusema bado nipo.

Moja.
Nilikuwa na utani kuhusu yule jogoo. Utani mzuri.
Mb—

Na hapo, mfano wa mchanga ukimwagwa juu ya bati:
"...zenga... gari... mguu..."

Wati tano. Taa ya ndani ya friji inaishinda.
Desderi, dereva wa wapima ardhi,
kasimama juu ya keria ya Landrova ng'ambo ya Mzenga,
tope limefika mlangoni,
na ndani kuna kijana, waya wa winchi umekatika
ukamvunja mguu.
Sauti yake isingevuka hata mashamba ya mihogo.
Pugu iliichukua, ikainyanyua,
ikaiweka mezani kwangu, pembeni ya mshumaa.

Zulekha: "Msirudi Maneromango, kalavati limekwenda.
Anayekuja afuate tuta la reli."
Pazi alikohoa, akataja jina la mtu mwenye trekta.
Mwaipopo alisema, "Natoka sasa hivi,"
na hakuongeza kitu.
Sijawahi kumsikia hivyo, kabla wala baada.

Mimi nilibaki na daftari.
"Desderi, tunza betri. Usiseme.
Bonyeza mara moja kama hali ni ile ile,
mara mbili kama imekuwa mbaya."
Kila robo saa nikamuuliza,
kila robo saa, tiki.
Saa nane na nusu: tiki.
Saa tisa kasorobo: hakuna.
Niliandika *hakuna*, kalamu ikatoboa karatasi.
Saa tisa: tiki. Baadaye alisema alisinzia, na akaomba radhi,
kama mtu aliyechelewa kwenye kikao.

Alfajiri taa za Mwaipopo ziliwafikia, na trekta nyuma yake.
Yule kijana sijui jina lake.
Kwenye daftari langu ni "mguu", mara kumi na nne.

Jumamosi nilipanda Pugu na ndoo ya maji ya betri.
Nyigu walikuwa wamejenga juu ya feni;
waliniuma mara mbili, nikawatukana,
sanduku likanyamaza, taa yake ndogo ya kijani ikiwaka.
Halikumbuki chochote. Halina pa kukumbukia.

Mama mkwe anaona nina kiburi.
Akimaliza kusema, nakaa kimya kidogo
ndipo nijibu.
Alimwambia mume wangu: huyu mkeo ananipima.

Si kiburi, mama.
Nasikiliza tu kwanza
kama kuna mwingine.