Yai la Kumi na Mbili

Mwalimu Mugide alisema: kila mtu na yai lake,
na chochote cha kuokota, pamba ya duka marufuku.
Mnara wa tangi la maji, mita saba na nusu.
Litakalofika chini bila ufa, kumi kwa kumi.

Kwetu Budadiri wiki ile hapakuwa na yai
ila yale yaliyo chini ya tetea wa bibi,
kumi na mawili, siku ya sita ya kuatamia.
Dukani yai moja ni mia tano,
na mia tano yetu ilikwisha kupewa jina: chumvi.

Nikapeleka mkono gizani. Akanidonoa kifundo.
Yai lilikuwa na joto la kwapa.
Nikalitia alama kwa penseli, msalaba mdogo,
ili nijue la kurudisha.

Usiku kucha nilijenga:
fito za mianzi, nyuzi za gunia,
maganda makavu ya mgomba tabaka juu ya tabaka,
na mwavuli wa kavera lililobeba sukari ya msiba.

Asubuhi Gidongo alipanda wa kwanza.
Lake alilizika ndani ya bonge la ugali.
Puu!
Ugali ukapata kiini.
La Khainza lilichukuliwa na upepo wa Masaba
likatua juu ya bati la jiko la shule,
na mpaka leo hatujui kama lilipona.

Langu lilishuka polepole, kama mtu anayehesabu ngazi,
likabingirika, likasimama kwenye kiatu cha mwalimu.
Akalifungua. Akaligeuza juani.
Akapitisha ukucha kote, hata juu ya msalaba wangu.
Hakuna ufa, akasema,
na darasa zima likapiga makofi.

Jioni, bibi akiwa kwenye kahawa,
nilirudisha mkono gizani.
Tetea akanidonoa palepale.

Nikahesabu siku kuliko nilivyowahi kuhesabu chochote.
Ya ishirini na moja, vifaranga kumi na mmoja,
wamelowa, wana kelele, wanakanyagana.
Kesho yake mama yao aliondoka nao
akaliacha moja kwenye majani.

Bibi alilitikisa karibu na sikio.
Viza, alisema.
Kidole gumba chake kikapita juu ya penseli,
kikarudi, kikapita tena.
Kalitupe mbali, linanuka.
Hakusema zaidi, nami nilitamani aseme.

Labda ni baridi ya mchana mzima ndani ya mkoba.
Labda ni ile mita ya mwisho.
Au lingekuwa viza hata bila mimi;
hilo nalo nililibeba hadi mtoni.

Jumatatu nilipeleka daftari mezani kwa mwalimu.
Chini ya neno Matokeo, chini ya Hakuna ufa,
nilikuwa nimeandika:
Ganda lilipona. Sikupima cha ndani.

Alisoma akiwa amesimama, kisha akakaa, akasoma tena.
Zile kumi hakuzifuta.
Ila mwaka uliofuata, nikichungulia dirishani kwa wadogo zetu,
niliona ubaoni, chini ya maagizo yaleyale,
mstari mmoja mpya kwa mwandiko wake wa kuinama:
Mayai nitanunua mimi.