Bonyeza Ukisikia

Gari langu la kupimia limeegeshwa nje ya uzio,
Harlingen, bandarini, upande wa matope.
Ndani kuna kibanda chenye kuta nene za sponji,
kiti kimoja, kioo kimoja, kitufe kimoja.
Nawaita mmoja mmoja. Wanavua helmeti,
wananuka dizeli na mvua ya Novemba.

Nje nyundo haikomi.
Nguzo ya zege, mita kumi na nane,
inapigwa utosini hadi iwe fupi kuliko mtu.
Kila pigo linachora duara ndani ya chai yangu.
Nchi hii haina mwamba wa kuegemea:
nyumba, kanisa, hata choo cha stesheni,
vyote vimesimama juu ya kitu kilichopigwa sana.

Wa saba ni Wiebren Hoekstra,
miaka thelathini na moja chini ya nyundo.
Mfukoni ana vizibo viwili vya manjano,
pakiti haijachanwa tangu Pasaka.
Namuuliza. Anajibu kwa sauti ya kuvuka shamba:
"Nguzo ikigusa mchanga hubadili sauti, dada.
Kwenye tope inasema bwa. Chini inasema kang.
Nikijiziba, nani ataniambia tumefika?"

Sikuwa na jibu la haraka.
Nilifundishwa desibeli, hilo sikufundishwa.
Nikasema siku hizi ipo mashine ya kuhesabu mapigo.
Aliitazama midomo yangu mpaka nukta.

Haya. Ingia. Bonyeza ukisikia.

Mlio mzito: akabonyeza.
Ikaja milio myembamba, ya ndege, ya f na s,
akabonyeza, akabonyeza, hakosi hata mmoja,
masikio ya kijana wa miaka ishirini!
Nikainua macho. Kumbe anatazama kioo,
anakisoma kidole changu kinavyoinama.

Sikumsuta.
Ipo methali, sikio la kufa halisikii dawa,
na siku ile niliichukia.
Niligeuza kiti, nikampa mgongo.

Mlio mwembamba. Kimya.
Nikaongeza. Kimya.
Nikaongeza hadi mimi mwenyewe, nje ya kibanda,
nikausikia kama mbu.
Kimya.
Basi nikazima kila kitu, nikakaa tu,
na taa ya kitufe ikawaka.
Ikawaka tena.
Tena.

Nilimfungulia mlango. Nikaandika karatasini:
Hicho ulichokisikia kilianza lini?
Alikaa na ile karatasi muda mrefu.
"Nyundo ikilala," akasema, polepole safari hii,
"mke wangu akilala, mbwa akilala, hicho hakilali.
Mjukuu wangu ni Fenna. Mimi nasikia enna.
Nilidhani ni meno yake, hayajaota yote."

Wa nane alikuwa keshafika mlangoni:
Tjalling, miaka kumi na tisa,
kizibo kimechungulia nje ya sikio kama kichungi cha sigara.
Nilifungua kinywa nimfundishe.
Wiebren akanitangulia.

"Siyo hivyo. Huzibi chupa.
Kiviringishe kiwe chembamba kama msumari.
Mkono wa pili uupitishe juu ya kichwa,
vuta sikio juu, ingiza, shikilia,
hesabu ishirini, kiache kivimbe.
Sasa jingine."

Kijana akauliza, kwa ishara, kuhusu mchanga:
atajuaje?
Wiebren akanitupia jicho, kama mtu anayetoa deni mfukoni.
"Utaisikia kwa nyayo," alisema.
"Mimi mwaka wa sita huu naisikia kwa nyayo."

Tjalling alishukuru, nadhani, midomo ilicheza.
Wiebren alikuwa ameshashuka ngazi,
anachana pakiti kwa meno,
kachelewa, anajua kachelewa,
na nyundo ikampigia chai yangu duara jingine.