Swichi Namba Saba

Lango la Mnyangwila, mnunua vyuma chakavu wa Chang'ombe,
lilikazwa na kitu ninachokijua.
Nilikwenda kumuuzia sufuria iliyotoboka
na redio iliyokufa,
nikainama kulitazama komeo:
ulimi wa chuma, urefu wa mkono,
umechongwa kwa tupa upande mmoja,
na ubavuni tarakimu niliyoigonga mwenyewe kwa msumari.

Swichi namba saba. Mchepuko wa Kikombo.

Miaka kumi na minne.
Reli zangu niliziuza kwa kilo
mwaka Mbeleje alipochaguliwa Msalato:
mita sitini za chuma bapa, mabehewa manne,
zikapandishwa mzanini kama mbuzi wa mnada.
Nikahesabiwa noti, nikanunua godoro na sare.
Sikulia. Mtu halilii kitu anachokiita mchezo
mbele ya watu wanaokiita hivyohivyo.

"Komeo unauzaje?"
"Haliuzwi, mzee. Lango nitalifunga na nini?"
Nikarudi na komeo jipya la dukani.
Sufuria nikamwachia bure.

Kichwa cha treni hakikupanda mzani.
Kilikuwa darini, kimeviringishwa shuka la hospitali:
mtungi wa zimamoto ndio pipa la mvuke lisilochemka,
mota ni ya waipa ya Pijo,
betri ya pikipiki imekaa mahali pa makaa.
Nikapuliza. Vumbi la Dodoma halina haraka,
lilitoka kidogokidogo, kama mgeni anayeaga
huku bado amekaa.

Kipimo changu ni moja kwa nane.
Mita ya Reli ya Kati, kwangu,
ni sentimita kumi na mbili na nusu.
Wapo wanaotengeneza treni ya kuwekwa mezani.
Mimi nataka ya kukaliwa,
inayonung'unika kwenye kona,
inayochana suruali.

Ndahani kanichomelea reli kwa mkopo.
Mataruma nimekata kreti za soda,
kokoto nimezichekecha mwenyewe.
Eliwaza kasimama mlangoni:
"Hilo chekeche langu la unga."
"Nitalirudisha."
"Ulisema hivyo na la kwanza."

Njia inaanzia mlango wa jiko, ndiyo Dodoma,
inapita kati ya nguzo za mizabibu, Ihumwa,
inazunguka tangi la maji, Kikombo,
Igandu ni tofali lenye chokaa, Msagali pia,
na pale mfereji wa bafu unapovuka
ni Gulwe.

Januari mvua ikaja usiku na kubeba tuta.
Asubuhi reli yaning'inia hewani
kama kamba ya kuanikia nguo.
Nilicheka peke yangu, nimeshika koleo.
Baba alikuwa genge la njia, Godegode;
kila masika alitoka na koleo, akarudi na homa,
akasema, mto hausomi ratiba.
Nikalaza bomba chini ya tuta. Nikashindilia.
Mgongo ukanikumbusha umri, nami nikaukumbusha
kwamba hatujafika.

Jumamosi, zabibu zimeanza kuiva,
Eliwaza kakalia behewa, miguu imekunjwa,
chekeche lake mapajani, limejaa vichala.
"Nataka kuona ada ya mwanangu ingekwenda wapi."
Nikabonyeza. Mota ikakohoa, ikakubali.
Kuku wakapisha. Ihumwa ikapita.
Mbali, ile ya umeme ilikuwa ikiondoka mjini,
laini, haitikisi hata kikombe;
yetu ilitikisa meno.

Kikombo, mbele ya swichi namba saba,
nikasimamisha.
"Imeharibika?"
"Hapana. Njia ni moja. Tunasubiri kupishana."
"Na nani?"

Nikatazama mbele: reli, vumbi jekundu,
kivuli cha majani ya mzabibu juu ya mataruma.
Alichuma zabibu moja, akanipa, akala nyingine.
Hakuuliza tena.
Tulikaa.