Thelathini na Tisa Huenda Zao

Rosaire, jana usiku baridi iliishika misumari ya dari
ikaializa mmoja mmoja,
na asubuhi jua likachomoza kama mtu asiyejua kilichotokea.
Nikasema: leo miti ya mepo itashusha maziwa.

Nikaitwaa keekee yako ya mpini wa mwaloni
nikaenda kwa mti wa kwanza, ule wenye nundu.
Tundu ulilotoboa mwaka jana
limefumba. Gome limelimeza.
Nikapima viganja viwili pembeni, kimoja juu,
nikatoboa, mkono nimeuinamisha
ili njia ipande kwa ndani na maji yashuke kwa nje.
Unga ukatoka mweupe, mti mzima.
Ungetoka wa kahawia ningeomba radhi nikapita.
Kisha bomba, nyundo mara mbili
(ya tatu hupasua, ulisema),
kisha ndoo na kifuniko chake.

Tone.
Kimya, hata nikadhani nimekosea.
Tone.

Nikaonja. Ni maji tu,
maji yaliyosikia habari za sukari
kwa mtu wa tatu.

Maxence ana miaka tisa sasa. Amemwaga ndoo mbili njiani
akalia. Nikamwambia theluji nayo ina kiu.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.
Wewe walikusifu mpaka kanisani,
na kazi yako yote ilikuwa kuyatoa.
Ndoo arobaini kwa ndoo moja!
Thelathini na tisa huenda zao kupitia paani,
na watu wa ng'ambo ya Chaudière wakiona wingu juu ya kibanda
huambiana: mjane yu kazini.

Jumanne niliunguza.
Nakwambia mwenyewe kabla Fernande hajaja kaburini kukwambia.
Nilikuwa nikitafuta miwani yako rafuni, sijui ya nini,
nami moto nimeulisha magogo ya mberoshi kama punguani.
Harufu ilinifikia kwanza, tamu,
kisha tamu kupita kiasi,
kisha sinia jeusi tii.
Siku tatu nilisugua kwa siki.

Ijumaa sikuondoka. Nilisimama hata magoti yakaanza kunisema.
Povu lilipanda, nikalitupia siagi kiasi cha punje ya kunde,
likatulia kama darasa lililosikia viatu vya mwalimu.
Kipimajoto kilining'inia ukutani.
Digrii nne kupita maji yachemkayo, kimeandikwa hivyo,
lakini wewe hukukitazama hata siku moja.
Nikainua upawa.
Matone mawili, kila moja na safari yake.
Nikangoja. Nikainua.
Matone yakashikana mikono ukingoni,
yakaanguka pamoja, kitambaa kimoja.

"Sasa," nikasema kwa sauti,
na hakuna aliyenitangulia kulisema.

Tukachuja kwa sufi, ile blanketi ya mama yako.
Maxence akachota theluji safi nyuma ya banda la kuni,
nikamwagia shira ya moto juu yake, mstari kama wa kalamu,
ikaganda, akaizungusha kijitini
akatafuna huku meno yamenata, hana la kusema,
jambo ambalo, unajua, ni nadra.

Leo vyura wameanza bwawani.
Machipukizi yametuna, na maji yana ladha ya gunia bichi.
Nimeng'oa mabomba yote, mia moja na kumi na mbili.
Matundu nimeyaacha wazi, kama ulivyoyaacha.
Miti hii haitaki mshonaji.

Chupa ni hamsini na nane. Mwandiko wa karatasi zake ni wangu,
herufi zimelala upande, utanisamehe.
Moja sikuibandika kitu.
Ni ya Jumanne, kile nilichokwangua sakafuni mwa sinia,
nyeusi, chungu, nzito kama lami.
Naitia kijiko kimoja katika kahawa ya alfajiri,
kabla mtoto hajaamka.